Mgeni Rasmi wa Mtaa Wetu

Kabla ya Uhuru hakuna mtu wa Rumonge, kwetu Burundi, aliyejua kwamba ziwa lina mpaka. Baba yangu alivuka kutoka Fizi, upande wa Kongo, kuja kuuza samaki wa chumvi, akapapenda, akakaa, akaoa, akanizaa. Hakuna aliyemuuliza cheti isipokuwa Mbelgiji wa kodi, na yule alimuuliza kila mtu hata wagonjwa. Siku ya Uhuru tulicheza ngoma, tukala wali, mama akavaa kitenge kipya. Baadaye tukaambiwa kwamba milima ile ya ng'ambo, ambayo tunaiona kila asubuhi tukitoka kunawa uso, ni nchi ya watu wengine, na huwezi kwenda bila karatasi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Na samaki wameambiwa?" aliuliza.

Samaki hawakuambiwa, lakini wataalamu wa samaki waliambiwa. Miaka michache baadaye walikuja Wazungu wakajenga kituo cha utafiti karibu na mwalo wetu, pale mitumbwi inapoteremsha samaki. Kilikuwa na ndugu zake wawili, kituo kingine upande wa Kongo na kingine Kigoma, na vyote vitatu kwa pamoja viliitwa mtandao. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani, na kufundisha vijana kazi ya uchunguzi. Vijana hao waliitwa stajiere. Pesa zilitoka kwa umma wa nchi kadhaa za Ulaya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Pesa ya tajiri mmoja haina sheria, ina hasira tu, na hasira hupoa. Pesa ya umma haina hasira hata kidogo. Ina sheria.

Sheria zile zilikuwa kwenye kitabu kinene ambacho katibu wa kituo alitembea nacho kwapani, kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Katibu alikuwa mtu wa milimani, mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, na aliogopa vitu viwili duniani: maji ya ziwa na kifungu cha sheria asichokisoma. Kifungu kimoja kilisema kila chombo kilichonunuliwa kwa pesa ya umma kibandikwe kibao cha shukrani kwa waliotoa. Basi mizani ikabandikwa, ndoo ikabandikwa, ngazi ikabandikwa. Choo nacho kilijengwa kwa pesa hiyohiyo, kwa hiyo ukichuchumaa mle ndani ulikuwa unaangaliana na maneno ya kuwashukuru wananchi wa Ulaya kwa ukarimu wao. Mimi niliwashukuru kila siku, sina deni nao.

Halafu kulikuwa na habari ya mwezi. Mvuvi wa ndagala anavua kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, samaki wanatawanyika, wanaume wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana. Iko hivyo tangu mababu. Lakini sheria ilitaka ripoti ya samaki kila wiki, bila kukosa. Katibu akaandika kwa unyenyekevu kwamba wiki hii samaki hawakupatikana kwa sababu ya mwezi. Ofisi ya Ulaya ikajibu kuuliza kituo kimechukua hatua gani kuhusu mwezi. Naapa. Direkta mwenyewe, mzee Mzungu mwenye magoti mekundu, alitoka nje na barua ile mkononi, akauangalia mwezi, akarudi ndani.

Nyinyi mtasema, kama uliwadharau hivyo ulifuata nini? Niliitaka nafasi ya stajiere kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimemaliza shule ya masista Bujumbura, nimerudi nyumbani na diploma yangu, na mjomba, kaka wa mama, alikuwa tayari amenipatia kazi: kuolewa na mfanyabiashara mmoja wa mawese kutoka Kizuka. Alikuwa na wake wawili, na kikohozi chake ukikisikia unajua anakuja kabla hajafika njia panda. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mjomba ndiye alikuwa na sauti. Alisema nina hadi mwisho wa kiangazi. Nikipata kazi ya serikali au ya Wazungu, vizuri. Nisipopata, mawese.

Siku ya kuhojiwa niliingia ofisini. Waliketi direkta na wakubwa wa vituo vile viwili vingine. Waliniuliza habari za ndagala, nikajibu mpaka wakaacha kuandika wakasikiliza tu, maana nimekulia kwenye ndagala, nimezipindua juani tangu siwezi kufunga kanga mwenyewe. Kisha direkta akaniuliza swali lililoonekana dogo kuliko yote, ninatoka wapi.

Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu watu wa mahali pengine wananiona mjinga. Baba alinifundisha kwamba mahali ulipozaliwa ni pale tu uchungu ulipomkamata mama yako. Mahali unapolala ni pale kitanda kilipo. Kwenu ni pale babu yako alipozikwa. Mtu wa mtaa wetu wa Waswahili akiulizwa anatoka wapi na watu wenye heshima zao, akataja nyumba anayolala, ni kama amesema hana ukoo, ameokotwa. Wengine kwao Fizi, wengine Ujiji, wengine Uvira, na wote hawajawahi kupanda mtumbwi kwenda huko. Kwa hiyo nilikaa wima, nikajibu kwa adabu zote za marehemu baba.

"Natoka Fizi."

Wakaandika. Wakataka chifu wa mtaa athibitishe. Naye alikuwa mtu mwenye adabu kama baba, akathibitisha. Alinijua tangu tumboni, alikula pilau kwenye harusi ya mama, na akaandika bila kutikisika kwamba huyu ni mtoto wa Fizi. Hakusema uongo. Ungemwambia amesema uongo angekupiga bakora.

Nafasi nikapata. Nililia, nikamkumbatia mama, mjomba akaenda Kizuka kuomba radhi. Halafu katibu akafungua kitabu chake akanisomea kifungu cha kuhama. Umma wa Ulaya ulitaka vijana wajifunze ugenini, ndipo akili hupanuka. Kila stajiere lazima apelekwe nchi isiyo yake, nchi ambayo hajaishi miaka ya karibuni. Akikutwa ameishi, anaondolewa, na kituo kinajieleza. Vizuri, nikawaza, nitapelekwa Kigoma, nitaona treni!

"Wewe umetoka upande wa Kongo," katibu akasema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Kwa hiyo utahamia Burundi. Kituo chako ni Rumonge."

Nilidhani anatania. Lakini mtu yule hakuwahi kutania tangu azaliwe. Nilikuwa nimehamishiwa nyumbani.

Direkta aliligundua kosa mwezi uleule, maana hakuwa kipofu. Aliniona naamkiwa na mji mzima. Lakini majina yalikuwa yamekwisha kwenda Ulaya, na kulisahihisha kosa kulihitaji saini nyingi kuliko zile zilizolifanya. Alinitazama, nikamtazama, akaanza kuzungumzia joto la maji. Tangu siku hiyo tulikuwa washirika.

Basi nikaanza maisha ya ugeni. Sheria ilinipa chumba ndani ya kituo na kunikataza kulala mahali pengine. Kutoka dirishani kwangu nilimwona mama akianika ndagala, na upepo ukigeuka nilisikia anavyonisema. Wageni wangu walipaswa kupokelewa langoni na kujiandikisha. Siku ya kwanza mama alikuja na bakuli la ugali na samaki wa mukeke aliyechomwa, mlinzi akamuuliza, akiona haya mpaka shingoni, yeye ni nani wa huyu stajiere.

"Andika mimi ni upepo," mama akasema, akampita.

Kilichonimaliza ni masomo ya lugha. Umma ulikuwa umelipia kila stajiere mgeni afundishwe lugha ya wenyeji, na pesa ikilipwa lazima itumike. Kwa hiyo kila Jumatano baada ya chakula cha mchana niliketi na daftari, mimi mtoto wa mtaa wa Waswahili, na katibu wa milimani akanifundisha Kiswahili. "Hii iko kikombe," anasema, ananyanyua kikombe. Mimi narudia, hii iko kikombe. Alikuwa mwalimu mkali. Mwishoni alinipa maksi za wastani, akaniambia matamshi yangu bado.

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulifurahi kupita kiasi. Watoto waliniita Madamu wa Kongo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakaniuliza nitalima lini. Lakini aliyezidi wote alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane muuza mawese, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Simfichi mtu, sikumpenda. Aliomba chumvi akarudisha maneno. Kila kitu kwake kilikuwa mchezo wa kuigiza. Akiumwa kichwa anaanguka mlangoni kwetu, akipona anaimba. Akiniona na Wazungu alikuwa anapiga magoti, "Karibu, mugeni wetu! Umezoea jua ya huku?" kisha anageuka anawakonyeza wenzake. Mama alimwambia siku moja mdomo huo utamletea mume au msiba.

Ikaja habari kwamba inspekta anatoka Ulaya kukagua kama pesa ya umma inakwenda kwa sheria. Direkta aliacha kula. Katibu alisugua vibao vyote vya shukrani, cha choo akakisugua mara mbili. Mimi nilikuwa sipati usingizi, kwa sababu yule wa Kizuka hakuwa ameoa bado mke wa tatu, na mjomba alikuwa ameanza tena kusalimia kwa upole, dalili mbaya.

Jirani ndiye aliyejiteua kuwa kiongozi. Aliwakusanya wanawake wote wa mwaloni akawapangia nani atasema nini. Mmoja atanionyesha njia ya sokoni. Mwingine ataniuliza kama kule Fizi kuna mvua. Zamu ya mama ilipofika, kila mtu akamgeukia.

"Mimi nitakaa na ndagala zangu," mama akasema. "Sitasema kitu. Lakini musiniambie nimukane mutoto. Hiyo hapana."

"Hakuna anayekuambia umkane, dada," jirani akasema. "Wewe nyamaza tu."

"Nimesema nitanyamaza."

Na angenyamaza, wallahi angenyamaza, kama mwingine yeyote angekuwa msemaji siku ile.

Inspekta alikuwa kijana kuliko tulivyotegemea, mwembamba, pua imeungua jua. Alikagua vitabu, akakagua choo, akacheka humo ndani, nilimsikia. Kisha akasema anataka kuona jinsi stajiere wanavyoishi na wenyeji. Direkta akajaribu kumpeleka kwenye michikichi. Hapana, alitaka mwaloni. Tukashuka, yeye, direkta, katibu wa kutafsiri, na mimi nyuma nikisoma kila aya niliyoijua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mmoja akanionyesha soko, nikashukuru kama sijawahi kuliona. Mwingine akauliza habari ya mvua. Inspekta akaandika. Mama alikuwa ameinama mbali kidogo, anapindua samaki, mgongo wake tu ndio ulioonekana, na mgongo ule ulikuwa umekaza. Hapo inspekta akamgeukia jirani, ambaye alikuwa amejipaka mafuta mpaka anang'aa, akamuuliza kama huyu mgeni hapati shida kukaa mbali na kwao.

Jirani alikuwa amengojea swali lile maisha yake yote. Alijishika kichwa. Alianza kulia machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi.

"Ah, bwana, tunamuhurumia sana!" akalia. "Mutoto wa watu, amekuja peke yake, hatumujui, hatujui baba yake. Hapa hana ndugu, hana shangazi. Masikini ya Mungu, mutoto huyu hana mama!"

Mgongo wa mama ukanyooka.

"Nani hana mama?"

Wanawake wote wakageuka. Hata bata wa kwa chifu waligeuka.

"Ninauliza. Nani hana mama?" Alikuwa anakuja, mikono imejaa ndagala, kanga inaburura mchangani. "Nimezaa watano. Wane nimewazika. Mumoja Mungu ameniachia, huyu hapa, na ninyi munasimama mbele ya Muzungu munasema hana mama? Mimi ni nini? Mimi ni jiwe ya kufulia?"

"Dada, ni mchezo..." jirani akanong'ona.

"Cheza na wako!"

Inspekta akamtazama katibu. Katibu akafungua mdomo, jasho likimtiririka, akatafsiri kwamba mama huyu anamkaribisha sana. Lakini mama hakuwa mtu wa kungoja mkalimani. Alinishika kidevu akanigeuza kwa inspekta, kisha akafunua meno yake mwenyewe. Sisi tuna mwanya, mama na mimi, uleule, mpana, katikati kabisa. Mzungu akaangalia mwanya wangu, akaangalia mwanya wa mama, akafunga kalamu yake.

Nilimchukia mama siku ile. Nasema wazi. Nilimfuata mpaka nyumbani nikamwambia ameyavunja maisha yangu kwa maneno ambayo kila mtu alikuwa anayajua.

"Maisha gani yanavunjika kwa sababu una mama?" akaniuliza, akaendelea kuosha mikono. "Kama yanavunjika, wacha yavunjike."

Kesho yake niliitwa ofisini nikiwa nimekwisha kujiona Kizuka, nachemsha chikichi, nasikiliza kikohozi. Inspekta alikuwa na kile kitabu kinene mbele yake. Aliniuliza kwa nini nilisema natoka Fizi. Nikamweleza habari ya baba na kaburi la babu, polepole, na sikuomba radhi, kwa sababu nilikuwa sina cha kupoteza tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema swali lilikuwa baya, jibu lilikuwa sahihi, na kwenye kitabu kuna kifungu kuhusu makosa ya kituo yasiyo ya stajiere. Stajiere anapelekwa pale alipopaswa kupelekwa tangu mwanzo, na mafunzo yake yanaendelea.

"Kigoma," akasema.

Nilipiga kigelegele ndani ya ofisi ya umma. Direkta akafuta macho kwa karatasi ya ripoti. Mama nilipomwambia alijidai kama yeye ndiye aliyeandika kitabu.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Mimi ndiyo nimekupeleka Kigoma, si Muzungu." Mpaka naondoka hakuwa amemsamehe jirani, ingawa alikuwa akimpa chumvi kama kawaida.

Kigoma niliona treni. Niliona pia dagaa, maana kule ndilo jina la ndagala wetu, na walikuwa wengi kuliko watu. Mama hakujali. Kila mtumbwi uliokuja kutoka kwetu uliniletea furushi la ndagala zilizokaushwa na mikono yake, pamoja na ujumbe wa mdomo kwamba wale wa Kigoma hawajui kuanika, wanaacha mchanga. Nilizila zote. Nilimkumbuka sana, na nilipenda kazi yangu sana, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji kwetu Burundi. Nilikuwa ng'ambo, kwa hiyo sitajifanya shahidi. Walioona wapo, wengine bado hawapendi kuulizwa. Ninachojua ni kwamba masika yalikuwa yanaisha, tukaanza kuona mitumbwi imejaa kupita kiasi, watu wa Nyanza-Lac, watu wa Rumonge, watu wenye mtoto na sufuria tu. Kila asubuhi nilisimama ufukweni kuwaangalia wanaoshuka. Niliuliza kila mtu. Wengine walisema wamemwona mama jana, wengine walisema hawajamwona, na wote walikuwa wanasema kweli.

Kituo cha Rumonge kilikuwa na boti lenye injini, na boti hilo nalo lilikuwa na kifungu chake. Lilibeba watu wa mtandao tu, pamoja na jamaa za stajiere walioko ugenini, wale wanaolelewa na stajiere. Kwa mara ya kwanza nilikibariki kitabu kile. Nilituma habari kwa direkta kwamba nina mama, ninamlea, naomba aletwe. Direkta, Mungu ampe mema popote alipo, alikubali palepale.

Boti likafika mchana. Nilikimbia nikiwa na ndala moja. Wakashuka watu wa kituo, akashuka direkta na magoti yake, na nyuma yake, ameshika kifurushi kifuani, akashuka jirani yetu muuza mawese.

Nilimwangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine.

Alinieleza palepale, majini, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo. Direkta alikwenda mwenyewe nyumbani kwetu akamwambia mama apande, aseme tu kwamba analelewa na binti yake. Mama akamuuliza analelewa na nani.

"Akasema, 'Mimi silelewi na mutoto. Mimi ndiye nilimulea, na ndagala anazokula ni zangu.' Direkta akamuomba. Akakataa. Kisha akanishika mkono, mimi nilikuwa nimejificha kwenye jiko yenu, akanisukuma mbele. 'Chukua huyu,' akasema. 'Huyu analelewa na mutaa mzima.' Nikamwambia, dada, tuende wote. Akasema kuna ndagala juani, atazitoa, atakuja na boti nyingine."

Ningeweza kumpiga mama. Ningeweza kucheka. Nilisikia sauti yake kabisa, na nilisikia jinsi alivyoridhika na jibu lake.

Kwenye meza ya mapokezi pale ufukweni alikaa karani wa kituo cha Kigoma, kijana mpole, naye ana kitabu kilekile. Alinieleza bila ubaya wowote. Stajiere ana haki ya kuletewa jamaa mmoja, mzazi. Mmoja tu. Aliyepokelewa haondolewi mpaka mafunzo yaishe, na asiye jamaa wa mtu kituo hakina ruhusa ya kumpokea, atarudi na boti. Boti linarudi Rumonge kesho kuwafuata waliobaki.

Nikahesabu hesabu ambayo mtoto anaweza kuifanya. Mama alisema atakuja na boti nyingine. Akija baada ya huyu kuandikwa, nafasi yake itakuwa wapi? Jirani alikuwa amesimama pembeni yangu, nguo zimelowa mpaka magotini. Nilimngojea alie, apige magoti, amwimbie karani wimbo. Hakufanya kitu. Aliangalia chini tu, amekumbatia kifurushi chake.

"Dada," karani akasema, "huyu ni mama yako?"

Moyo wangu wote ulisema hapana. Nasema kama ulivyosema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Karani akaandika. Jirani alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, na hatukuangaliana. Boti likaenda tena Rumonge kuwafuata waliobaki, nikalisubiri ufukweni, likarudi tupu.